Muchele ya Mama Hadija

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 4 mwezi wa tano 1953

Asubui niliacha bakuli yangu kwa Mama Hadija kama siku zote. Saa sita nikaikuta imejaa. Muchele, maharagi juu, kipande ya samaki ya Kinkondja pembeni. Nikafunga na kitambaa, nikabeba mpaka gare, pale train zinasimama, nikakulya nimeikaa juu ya mbao za reli. Bado ya moto.

Nilikulya bakuli tatu. Hapana, moya. Lakini Mama Hadija akishindilia, moya njo tatu.

Namna yake iko hivi. Mbele ya nyumba yao, kule sité, mutaa ya bantu weusi, karibu na soko, iko ubao murefu. Kila muntu anaacha bakuli yake pale mbele ya kuenda kazi. Bafanyabiashara, baislamu ya Maniema, bakuli zao upande wa kuume. Sisi bantu ya reli, bakristu, upande wa kushoto. Hakuna kuandika jina. Yangu iko ya bluu, nimekwangua gurudumu na musumari. Saa sita unakuta yako imefunikwa na jani ya ndizi, unabeba, unaenda. Mama Hadija hajakosea ata siku moya. Na bei yake, ata kibarua anaiweza.

Kamina yote hakuna muntu anajua muchele kupita minyi. Ingekuwa ni kazi ya kompani, ningekuwa shefu.

Siku ya tatu, tarehe 6

Train ya mizigo ilichelewa. Kazi yangu ni kufunga freni ya gari ya mwisho ili train isimame, na asubui ya baridi ya kipwa chuma ile inauma vidole kama mbwa. Njia yote nilifikiri muchele tu.

Kwa Mama Hadija mule ndani bako batatu. Muzee Sefu, bwana ya nyumba, njo anapasua kuni na kuenda kuchukua magunia ya muchele kwa bafanyabiashara. Zaina, binti yao, anachagua mawe na kuosha. Mama Hadija anapika. Maji ikikauka, anatia makaa juu ya mufuniko, moto chini, moto juu. Balitoka Kasongo, kule Maniema, na sufuria mbili na nyungu moya ya udongo. Nyungu ni ya maharagi.

Leo mama alinikwangulia ukoko.

"Chukua, mujomba. Meno bado unayo."

Nilimwambia meno haya yalikataka kamba ya chuma pale gare. Zaina akacheka mpaka akamwanga maji ya muchele.

Tangu Ngoie, bibi yangu, afe, nyumba yangu kule kambi ya reli haiwaki moto. Nalala mule tu. Kesho yake ya mazishi nilipeleka bakuli pale juu ya ubao, sikusema kintu. Mama Hadija hakuuliza kintu. Saa sita bakuli ilikuwa imejaa kupita ya bengine. Mpaka leo iko vile. Bengine banafikiri ni juu ya hadisi zangu. Nabaacha bafikiri.

Siku ya posho, tarehe 9

Kugawa posho. Kambi yote kwenye mustari. Kisha tukaikaa chini ya tanki ya maji, kila muntu na bakuli yake, na hadisi ikawa yangu. Nilitoa ile ya freni kukatika kwenye mutelemko ya Bukama, na minyi kusimamisha train na mukono huu wa kuume. Banaijua. Banaiomba vile vile.

Halafu Ilunga, muntu ya kutia makaa kwa locomotive, akainua bakuli yake kwenye jua.

"Mujomba, muchele ya mama huyu inang'aa juu ya nini? Ya bibi yangu inakuwa kama chokaa."

Muulizo, minyi siwezi kuuacha unalala chini bila blanketi. Nikasema ni mafuta ya ngulube, nguruwe ya pori. Minyi mwenyewe naendaka kuiua kule Kabondo-Dianda, na rungu, bila bunduki. Mafuta namuletea mama kwa chupa, anatia kijiko moya kwa sufuria, kwisha.

Balicheka, bakalamba vidole. Muntu moya akasema, kumbe njo maana. Kwetu sisi Baluba, kusema chakula iko na mafuta ya ngulube ni kuisifu. Nilimusifu mama ya bantu. Ilikuwa hadisi muzuri, nilirudi kambi na furaha.

Siku ya yenga, tarehe 10

Misa. Bukari, ugali yetu, baridi, kwa Ilunga. Bibi yake kweli anapika chokaa.

Siku ya pili, tarehe 12

Ubao ya Mama Hadija, upande wa kuume, iko tupu. Bakuli mbili tu. Saa sita ata zile mbili hakuna muntu alikuya kuzichukua, muchele ikapoa na jani juu. Muzee Sefu alikuwa mulangoni, shoka chini, kuni hazikupasuliwa. Nilifikiri ni kilio. Niliuliza Zaina. Akasema hakuna muntu amekufa. Tangu jana bafanyabiashara banapita tu upande wa pili wa njia, na hakuna anayesema kwa nini.

Yangu ilijaa kama kawaida. Nilikulya, lakini nilikuwa nahesabu ubao na macho.

Siku ya ine, tarehe 14

Sasa najua.

Siku ya kwanza Ilunga alienda sokoni kununulia bibi yake kitambaa, kwa mufanyabiashara muislamu. Bakabishana bei. Ili amuchekeshe, akamupa hadisi yangu ya mafuta ya ngulube. Yule hakucheka. Aliacha kupima kitambaa, akafunga duka, akaenda musikitini.

Nilimutukana Ilunga mbele ya bantu. Akaniangalia.

"Mujomba, ule mudomo ulikuwa wa nani?"

Kesho baislamu banaanza mufungo. Mwezi ya mufungo Mama Hadija njo anapikaka futari ya maduka yote, na siku ya Idi pilau ya musikiti. Yote bamekataa. Ata muchele habataki kumuuzia tena. Na kuko kintu mubaya kupita ile. Muzee Sefu akinyoosha mukono kule musikitini, hakuna anayeushika.

Nitaitengeneza. Mudomo iliharibu, mudomo itatengeneza. Kesho naenda kwa Mwalimu Saidi, mukubwa ya musikiti, namupa maneno mbili, inakwisha. Minyi nilishaka kusema na gavana. Nilimusemesha kwa mbali, lakini alinisikia.

Siku ya tano, tarehe 15

Nilivaa koti ya misa. Nilingoja inje ya musikiti mpaka bakatoka kwa sala. Bafanyabiashara bote bakasimama, kila muntu na kiatu moya mukononi. Nikamwambia Mwalimu Saidi: ile ya mafuta ni uongo wangu. Sikupeleka kintu pale. Ilikuwa ya kuchekesha bantu chini ya tanki.

Mwalimu ni muntu mupole. Aliniuliza na sauti ya chini.

"Mujomba, watu wanasema uliwahi kusimamisha gari la moshi kwa mkono mmoja. Na hilo, ni kweli?"

Kule nyuma balikuwa vijana bawili ya reli, balinifuata kuona. Nao bananiangalia.

Nikasema, "Kweli."

Mudomo ilitoka mbele, kichwa ikabakia kwa gari ya mwisho.

Mwalimu akatikisa kichwa pole pole, kama muntu ya kuhurumia mugonjwa. "Basi Mungu ndiye anajua lipi la kweli," akasema. Akavaa viatu, akaenda. Bengine bakamufuata. Vijana yangu bakanipiga bega, banafurahi.

Siku ya posho, tarehe 16

Sikutoka. Sikukulya. Naona haya, na haya iko mu tumbo, kwenye nafasi ya muchele.

Siku ya ine, tarehe 21

Mama Hadija bado anapikia sisi ya reli muchana. Yeye mwenyewe anafunga, haonji. Anainama juu ya sufuria, anapima chumvi na pua. Inakuwa sawa kabisa. Gunia imebakia moya. Anajua ni minyi. Sité yote inajua. Na bakuli yangu inajaa vile vile, njo kintu inaniumiza. Angenipa nusu ningelala.

Leo nilirudi kwa Mwalimu Saidi. Alikuwa kwa baraza ya duka, bantu mingi. Nikasema leo natoa uongo wangu yote, moya moya, mbele ya Mungu. Train ilisimama kwa sababu ilikuwa imefika gare. Ngulube sijaua ata moya, nayaogopa. Mamba nilipandaka kule ziwa Kisale ilikuwa gogo. Muzungu niliyemufundisha kusoma, yeye njo alikuwa ananifundisha, na alichoka.

Kwa mamba bakaanza kucheka. Nikaapa kwa jina ya Ngoie wangu. Bakazidi. Kufika kwa muzungu, mufanyabiashara ya kitambaa mwenyewe alishika ukuta.

"Tangu mfungo uanze sijacheka hivi. Mujomba, lete tena ile ya gogo."

Balisikia ni hadisi mupya. Na ilikuwa muzuri kupita zote nilizotoaka maisha yangu. Nilitaka kulia pale mbele yabo.

Mwalimu tu hakucheka. Alinisindikiza mpaka njia. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema kwa sheria yabo, chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kinakuwa safi. Akasema tena, lakini hiyo ni kwa chombo kilichoguswa kweli. Hii ya mwisho niliisikia na sikio moya tu. Kichwa yangu ilikuwa imeshafika kwenye maji.

Siku ya kwanza, tarehe 25

Nimeosha.

Nilienda kukipambazuka, bo batatu bamelala tena, chakula na sala ya alfajiri imekwisha. Vyombo ziko nyuma ya nyumba, zimepinduliwa. Sufuria mbili kichwani, nyungu mukononi, mpaka kijito pahali banamuke banachota maji. Udongo mwekundu, majani, mchanga. Nikasugua, nikasuuza, nikarudilia mpaka ikatimia saba kama sheria inasema. Bantu balipita, bakasimama. Bibi ya muntu ya kitambaa alisimama na ndoo kichwani mpaka mwisho. Nikamwambia kwa nguvu, angalia mama, sasa ziko safi, kaambie bote. Akasema ataambia.

Hakuna mwanamuke Kamina amesugua sufuria vile. Unaweza kunyolea ndevu mule. Nikarudisha vyote bo bangali banalala. Nikaenda kazi nikiimba.

Siku ya tatu, tarehe 27

Minyi ni mupumbavu. Naiandika ili niisome.

Banasema, kama hakukuwa kintu mule, alikuwa anaosha nini? Aliyeleta mafuta njo anaosha sufuria. Kuko bantu ine ao tano balikuwa bangali banasita. Bale pia sasa bameamini.

Na nyungu imepasuka. Zaina aliniambia. Niliilowesha sana, maji ikaingia mu udongo, na moto ya kwanza ikaikata. Nyungu ya Kasongo. Ilikuwa ya mama ya Mama Hadija.

Muzee Sefu alituma muntu kuniita. Nilifikiri atanipiga. Ningefurahi. Alinipa kiti. Akasema Idi ikikwisha, banarudi Kasongo. Nikamwambia sisi ya reli tuko, tutaleta bakuli mbili mbili, minyi tatu, muchele nitatafuta. Alingoja nimalize.

"Mujomba, bila wateja mtu huishi. Lakini mimi nimezeeka. Nikifa hapa, nani ataniosha? Nani atabeba jeneza?"

Hakusema na hasira. Alisema kama muntu anakuonyesha njia ya soko. Mama Hadija alikuwa jikoni, mugongo kwetu. Hakugeuka.

Siku ya kwanza, tarehe 8 mwezi wa sita

Niliambia Muzee Sefu nitatafuta muchele, nikatafuta. Kwa duka ya muzungu karibu na gare, gunia nusu. Nilibeba minyi mwenyewe. Mama Hadija aliifungua, akachota mu kiganja, akapuliza. Wadudu. Ya zamani. Zaina alichagua mpaka jua ikawa juu ya kichwa. Mama alipika. Hakulalamika. Ilikuwa kama ya bibi ya Ilunga.

Upande wa kushoto wa ubao pia inapunguka. Vijana bananiuliza, "Mujomba, leo mafuta ya simba?" Zamani ningebajibu. Leo nilibeba bakuli yangu, nikaenda kukulya nyuma ya gari ya makaa, peke yangu. Nilimaliza yote na wadudu wake.

Siku ya yenga, tarehe 14

Idi. Toka kambi nasikia takbiri. Sikuenda misa, Mungu atanisamehe ao hapana.

Nilipita kwa nyumba yabo. Mulango wazi, mukeka imetandikwa, chai iko, vikombe viko. Zaina amevaa nguo mupya. Hakuna ata muntu moya aliingia kubatakia Idi njema. Bo batatu banaikaa kama bageni kwabo.

Niliingia minyi. Muzee Sefu alinishika mukono, muzuri, na mikono yake mbili. Mama Hadija akanimiminia chai. Tulikunywa. Niliikaa pale bila hadisi, mara ya kwanza maisha yangu, na hakuna aliyeshangaa.

Halafu mama akasema, anaangalia kikombe:

"Mujomba, makaa juu ya kifuniko ulikuwa unayaona kila siku. Kwa nini hukusema ni makaa?"

Nikamaliza chai yangu. Jibu niko nayo. Makaa ni kweli, na kweli hakuna muntu aliitaka chini ya tanki. Ao ni minyi sikuitaka. Kwa hadisi ya makaa minyi sikuwa mule ndani. Kwa ngulube nilikuwamo.

Aliniongezea chai.

Siku ya posho, tarehe 20

Ubao umetolewa. Muzee Sefu aliupasua kuni. Bakuli zetu alizipanga chini, kando ya ukuta, kila muntu akachukua yake. Ilunga alishika yake na mikono mbili kama muntu ya komunyo. Aliniuliza kama namukasirikia bado. Nikamwambia hapana. Ni kweli.

Nimeomba shefu anitie kwa train ya siku ya pili, ile Muzee Sefu na bantu yake banapanda.

Siku ya pili, tarehe 23. Bukama

Njia ilikuwa muzuri. Bo kwa gari ya mbele, minyi kwa freni kule nyuma. Kwenye mutelemko nilifunga pole pole, Muzee Sefu ana magoti mubaya.

Nilibabebea vitu mpaka mutoni. Vikapu, mukeka, sufuria mbili. Mashua ya moshi ya kubashusha na muto Lualaba, upande wa Kasongo, ilikuwa bado kutoka, banapakia kuni. Zaina akachota maji. Mama Hadija akapanga mawe tatu pale kando ya maji, akawasha. Alinunua muchele kwa bantu ya mashua, muzuri, mupya. Muzee Sefu akaikaa juu ya kikapu, baislamu bakapita, bakamupa mukono. Bakabadilishana salamu, moya, mbili. Alikuwa anashika kila mukono muda murefu.

Muchele ikaanza kunukia. Baharia bakakuya na sahani zabo.

Moya, kijana, akaniona nimesimama pale na nguo ya reli. Akaniuliza kama namujua yule mama, kama chakula yake iko muzuri.

"Iko muzuri," nilisema.

"Muzuri namna gani, muzee?"

"Muzuri tu."

Akaniangalia, anangoja maneno ingine. Haikukuwako. Akaenda kwenye mustari. Mama Hadija akamujazia, akamufunikia na jani. Kijana akalitoa palepale, akaanza kukulya akiwa bado anatembea.